Mashua Isisubiri Alfajiri

Hotuba niliyoitoa uani mwa Ngome ya Lamu baada ya sala ya alasiri, mbele ya kina mama, manahodha na vijana wa mji. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu manahodha mliofunga mashua mkaja, na nyinyi wanangu mliokaa kule ngazini, ahsanteni. Ngome hii ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Nilipokuwa binti nilikuwa nikipita hapo nje mbio mbio, kichwa nimekiinamisha. Leo tumekaa humu tuzungumze mambo ya tumbo, na naomba tuyazungumze waziwazi, hata yale ya chooni, kwa sababu haya imetuzikia watu wengi.

Mwezi uliopita niligongewa mlango usiku. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliimaliza ndani ya chumba cha upasuaji, na majirani hawajakubali kwamba nimestaafu. Kijana wa miaka 16, mwanafunzi, alikuwa kaletwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Pate. Maumivu yalimwanzia kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, chakula hakitaki, anatapika, na homa inapanda. Hospitalini daktari akampima, akasema ni kidole tumbo, apasuliwe usiku huu huu. Mama yake akashika kalamu, kisha akaiweka chini. Akatoa simu yake akatusikilizisha sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye WhatsApp. Wengi wenu mmeisikia. Yule msemaji anasema wazungu na wachina wamegundua kwamba mwenye kutolewa kidole tumbo atapata saratani ya utumbo, na kwamba madaktari wanajua na wananyamaza.

Simlaumu yule mama. Alikuwa anamlinda mwanawe kwa silaha aliyopewa. Tulimsihi usiku kucha, mimi na daktari na mjomba wa kijana, naye anasema tusubiri, tusubiri kuche. Ilipokaribia adhuhuri maumivu yakapungua ghafla. Kijana akafumba macho, akapumua vizuri. Mama yake akanishika mkono akasema, "Alhamdulillahi, umeona?" Mimi nikahisi baridi miguuni. Kila aliyefanya kazi hii anaijua nafuu ile. Ni nafuu ya kidole tumbo kilichokwisha kupasuka, na baada ya saa chache huja homa ya usaha uliotapakaa tumboni.

Kijana yu hai. Alifunguliwa tumbo, akaoshwa, akawekewa mpira wa kutolea usaha, akalala wodini wiki tatu. Angepasuliwa usiku ule, huenda angerudi nyumbani siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana kina mama wa mtaa wa Langoni walipokuja kuniomba nizungumze, sikuweza kukataa. Na ipo sababu nyingine: mimi mwenyewe ninalo kovu hilo upande wa kulia, tangu nilipokuwa na miaka 26. Ile sauti ya WhatsApp inanisema na mimi.

Basi tuanze na kitu chenyewe. Kidole tumbo, ambacho wenye Kiswahili chao hukiita kibole, ni kijifuko chembamba, urefu wake kwa kawaida sentimita 8 hadi 10, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, karibu na pale utumbo mwembamba unapoishia. Kwa muda mrefu wataalamu walikidharau. Charles Darwin, mwaka 1871, alikihesabu kuwa ni masalio tu, kitu kilichobaki mwilini bila kazi. Sisi wauguzi tulifundishwa hivyo hivyo, na nakiri kwamba nimetupa vibole vingi ndooni bila kuwaza mara mbili.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa hoja nyingine, nami niliipenda tangu siku niliyoisoma, maana mtu wa Amu, yaani Lamu, hahitaji kuelezwa mara mbili. Utumbo mpana umejaa bakteria, na wengi wao ni wenzetu: wanatusagia vyakula tusivyoweza kuvisaga wenyewe na wanawazuia maadui kupata pa kukaa. Sasa kikija kipindupindu au kuhara kukali, utumbo wote unasafishwa kama gati lililopigwa na wimbi. Kibole kimekaa pembeni, mlango wake mwembamba, na kuta zake zina tishu za kinga na utando ambao bakteria hujishika. Mafuriko yanakipita. Wakasema watafiti: huenda hapo ndipo wanapojificha bakteria wema, kisha hali ikitulia hutoka wakaujaza utumbo upya. Nahodha aliyekaa pale mbele anatikisa kichwa, anaelewa. Kusi likichachamaa mtu hashindani na bahari, huingiza chombo horini, kwenye mkono wa bahari uliotulia, akasubiri. Kibole ni hori.

Ukikubali hivyo, swali linakuja lenyewe. Hori likifukiwa, vyombo vinakuwaje?

Hapo ndipo unapotokea ule utafiti aliousikia yule msemaji wa simu, akaubeba nusu. Upo kweli. Ulichapishwa mwaka 2023 na watafiti wa Xi'an, China, pamoja na Hong Kong. Walitazama kumbukumbu za watu 129,155, wakakuta waliotolewa kidole tumbo wana hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 73. Wakachukua choo cha watu 314 wakachunguza bakteria waliomo. Kwa waliopasuliwa, aina kadhaa zinazohusishwa na saratani zilikuwa zimeongezeka, mmojawapo akiwa yule anayeitwa Bacteroides fragilis, na aina kadhaa za bakteria wema zilikuwa zimepungua. Wakawatoa panya vibole, na panya nao wakaota uvimbe zaidi. Ni kazi nzito, na sitasimama hapa niseme ni uongo.

Lakini mama zangu, asilimia 73 ya nini? Hapa ndipo watu wanapotishwa. Tuseme, kwa mfano tu, kuwe na watu 1,000 wenye vibole vyao, na katika umri wao wote 10 wapate saratani hii. Ongeza asilimia 73: wanakuwa 17. Waliobaki 983 hawakupata kitu. Yule msemaji alipotamka sabini na tatu, kila aliyesikiliza alielewa kwamba katika watu mia, sabini na tatu wataugua. Sivyo, na tofauti hiyo ndiyo iliyomlaza kijana wa watu wiki tatu.

Tena utafiti huo hauko peke yake. Taiwan walitoa wao mwaka 2015, wakakuta ongezeko la asilimia 14, dogo sana. Sweden, nchi yenye daftari za wagonjwa za miaka na miaka, waliwatazama karibu watu nusu milioni waliotolewa kidole tumbo, na kwa jumla hawakuona saratani ya utumbo ikiongezeka kwao. Mtu mwenye insafu akiwa na matokeo matatu yanayovutana hivi, atasema jambo linastahili kuchunguzwa na bado halijakatwa shauri. Nami naongeza jambo moja ambalo nimeliona kwa macho yangu chumba cha upasuaji. Kuna wakati saratani ndiyo iliyotangulia. Uvimbe umekaa mwanzoni mwa utumbo mpana, umeubana mlango wa kibole, kibole kikavimba, mtu akaja akapasuliwa, na baada ya miezi saratani ikagunduliwa. Ukihesabu kwenye karatasi utadhani kisu kimeleta saratani, kumbe saratani ndiyo iliyoleta kisu. Kwa sababu hiyo mtu aliyepita miaka 40 akiugua kidole tumbo, asiridhike na kovu kupona. Amuulize daktari kama kuna haja ya utumbo wake kutazamwa kwa kamera.

Niliulizwa na kijana mmoja pale mlangoni kama hakuna dawa ya kumeza, kisu kiepukwe kabisa. Ipo njia hiyo, na si ya mitishamba. Mwaka 2020 Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kubwa la kutibu kidole tumbo kwa antibiotiki peke yake. Wengi walipona bila kisu, ila katika kila watu kumi kiasi cha watatu ilibidi wapasuliwe kabla siku 90 hazijaisha. Kwa mtu anayekaa hatua chache na hospitali, na ambaye picha imeonyesha kibole hakijapasuka wala hakina jiwe la choo ndani, ni jambo la kuzungumza na daktari. Kwa mtu wa Kiunga au Ndau, ambaye maumivu yakirudi usiku ana bahari kati yake na daktari, ningekuwa mama yake ningechagua kisu. Hayo ni maoni yangu, na nayasema kama mtu aliyezaliwa Siyu, kisiwani Pate.

Nimesema Siyu, basi niwaambie ninachokibeba. Kaka yangu alikufa kwa kidole tumbo mwaka 1979. Alikuwa na miaka 22. Siku ya kwanza tukasema ni chango. Akaletwa mkandaji, akamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, na kaka yangu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alilia. Siku ya pili akanyweshwa haluli, asafishwe tumbo. Usiku wake akapata ile nafuu niliyowaambia. Bibi akafunga kanga kiunoni akaenda kumpikia uji. Baba akasema maji yamekupwa, mashua imelala kwenye matope, tungoje maji yajae na kuche, tumpeleke Amu. Tulimpakia alfajiri. Hakufika Amu.

Kwa hivyo mtanisamehe nikiwa mkali. Maumivu ya tumbo yanayoanza kitovuni yakashuka kulia, na mtu hataki chakula, yasikandwe. Asinyweshwe haluli wala dawa yoyote ya kuendesha. Kukanda na kuendesha vinaweza kukipasua kibole kilichokwisha kujaa. Na kwa kawaida ugonjwa huu hauletwi na mawe ya mchele wala kokwa za mapera, tusipoteze wakati kumhoji mgonjwa alikula nini. Mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba mlango, au tishu za kinga zilizovimba, pengine minyoo. Sisi tuna msemo, kawia ufike. Ni msemo mzuri wa safari. Kwa ugonjwa huu anayekawia hafiki.

Haya. Sasa nyinyi wenye makovu kama langu, na mko wengi humu, mnataka kujua tufanye nini. Hori halipo tena. Mimi nasema tuangalie vyombo vyenyewe.

Kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala. Aliandikia hospitali nyingi za mashambani Afrika akiuliza wanaona magonjwa gani. Akashangaa kwamba huku kwetu kidole tumbo kilikuwa kitu cha nadra, na saratani ya utumbo mpana nadra vile vile, magonjwa mawili yaliyokuwa yamejaa Uingereza. Mwaka 1971 akaandika kwamba tofauti iko kwenye sahani: Mwafrika wa shamba alikula makapi na nyuzinyuzi, choo chake kikawa laini na kingi, kikapita upesi. Si kila alichokisema kimesimama mpaka leo, lakini nyuzinyuzi zimesimama. Bakteria wema wa utumboni hula nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga sisi, na kutokana nazo hutengeneza asidi inayoitwa butireti, ambayo ndiyo chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Wakikosa nyuzinyuzi, wengine huanza kuutafuna ute unaoukinga utumbo wenyewe.

Na mabadiliko hayachukui miaka. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti ambao nimeusimulia kwa wajukuu wangu mpaka wamechoka nao. Watu weusi 20 wa Marekani na watu 20 wa mashambani KwaZulu, Afrika Kusini, walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakapewa chakula cha Kiafrika chenye kiasi cha gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku, na wenzao wakapewa nyama, mafuta na vikaango, nyuzinyuzi zikashuka hadi gramu 12. Wiki mbili tu. Butireti ikapanda kwa Wamarekani na ikashuka kwa Waafrika, na dalili za hatari kwenye ngozi ya utumbo zikageuka kila upande vile vile.

Mimi nikisoma hayo nauona mji wetu. Bibi yangu alikula mkate wa mofa wa mtama, kunde, mbaazi za nazi, kisamvu, muhogo, samaki wa siku ile ile, na mabungo na kunazi msimu wake ukifika. Leo kijana anaamkia mahamri ya unga mweupe, mchana chipsi na soseji, jioni viazi karai na soda. Simwambii mtu aache biriani ya harusi. Lakini soseji na nyama za kopo, Shirika la Afya Duniani kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya utumbo mpana kwa kiasi cha asilimia 18. Linganisheni hiyo na asilimia 14 ya Taiwan. Mtu anakikimbia kisu kinachomwokoa usiku huu, na mkononi kashika soseji.

Jambo jingine ni hizi antibiotiki tunazonunua dukani kama pipi, mafua amoksilini, jino amoksilini. Kila dozi inawapiga na wale wema. Mwenye kovu hana pale pa kuwahifadhi, basi awe wa mwisho kuzimeza bila kuandikiwa.

Nimefika mahali pagumu. Nawaomba mnivumilie, hasa nyinyi wanaume.

Saratani ya utumbo mpana ni ya tatu kwa wingi duniani. Mwaka 2022 iliwapata watu zaidi ya 1,900,000 na iliua karibu 900,000. Sisi Wakenya tuliisikia sana mwaka 2019 alipofariki mbunge wa Kibra, Ken Okoth, akiwa na miaka 41. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo ukutani mwa utumbo, ambacho huchukua miaka, pengine kumi, kabla hakijageuka. Miaka kumi ni muda mrefu sana wa kukikamata. Kikionekana kwa kamera hukatwa pale pale, mtu akarudi nyumbani jioni. Sisi hatukikamati kwa sababu moja: damu ikitoka chooni tunasema bawasiri. Tunanunua dawa ya bawasiri, tunakalia maji ya moto, tunanyamaza. Mke hajui, mume hajui. Nimewaosha maiti wanawake walionificha mimi, muuguzi, jirani yao wa ukuta mmoja.

Inaweza kuwa bawasiri kweli, na mara nyingi ndiyo. Lakini bawasiri ithibitishwe na daktari aliyetazama. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, au choo kilichobadilika kikawa chembamba au cha kukatika kwa wiki kadhaa, au mtu anapungua mwili na kupungukiwa damu bila sababu, apimwe. Kuna kipimo rahisi cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kamera kwa wengi wetu ni safari ya Mombasa, na najua nauli yake, kuvuka hadi Mokowe kisha basi la siku nzima. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii asingoje dalili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimewaona walioficha.

Mimi nimekwisha kwenda. Mwaka jana nilifanyiwa kamera, kwa sababu ya umri wangu na kovu langu. Walikuta kinyama kimoja, kidogo kama punje ya mbaazi, wakakitoa. Sijui kama kovu langu lina mkono ndani yake, na daktari hajui. Kila nikimkumbuka kaka yangu najua kwamba lau ningerudishwa kwenye miaka 26 na maumivu yale, ningetia sahihi kabla hawajamaliza kuniuliza.

Yule mama wa kijana yuko hapa leo. Ameniruhusu nisimulie, na ameomba asitajwe. Amenipa sharti moja, kwamba nisimalize bila kusema na manahodha.

Basi manahodha, hii karatasi. Nimeandika vijiji: Shela, Matondoni, Kipungani, Siyu, Pate, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiunga. Mbele ya kila kijiji nataka majina mawili na namba mbili za simu, za watu ambao wakiamshwa saa nane ya usiku watawasha mashine bila kuuliza nani atalipa mafuta. Mafuta kina mama wa Langoni wameanza kuyachangia, mkebe uko pale kwa mwenye kanga nyekundu. Siyu nimekwisha kuandika, jina la kwanza ni la mpwa wangu. Mabaharia mnajua maji yakikupwa mkondo gani wa maji hupitika na upi haupitiki, andikeni na hilo, ili mtu asiambiwe tena angoje yajae kama kuna njia nyingine.

Kalamu hii hapa. Na kina mama wenye swali la faragha, nitakaa chumba cha juu mpaka magharibi.